Tumemsafisha, Mnaweza Kumchukua

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama kuna sufuria jikoni, ipunguzie moto. Kama kuna mtu anapiga soga hapo pembeni yako, mwombe akupe nafasi kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, na nitakuwa mkweli tangu mwanzo: habari hii haina pa kufurahia mwishoni. Nimepatafuta, sikupaona.

Marehemu alikuwa fundi wa mapazia. Narudia, fundi wa mapazia. Wateja walimwita Bi Pazia, naye akalipenda jina hilo, akaliandika kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa chumba chake cha kazi. Amefariki hospitalini, baada ya mimba kutoka. Alikuwa na mume, alikuwa na mama mkwe aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa na dada yake mkubwa. Hao watatu ndio walionisimulia, na wote wameniruhusu niseme kila kitu. Mama mkwe hakuniruhusu tu. Aliniamuru.

Basi tuanze kwa kumwona akiwa hai, maana watu tukishakufa tunageuzwa picha ya ukutani, na Bi Pazia hakuwa mtu wa kukaa ukutani.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa nyumba, na mlango wake mwenyewe wa kutokea barabarani. Ndani kulikuwa na cherehani ya miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani kama watu kwenye foleni. Futi ilikuwa shingoni mwake kutwa. Dada yake anasema aliwahi kwenda nayo harusini bila kujua, na watu wakadhani ni mtindo mpya.

Mteja akija na kujigamba kwamba dirisha lake analijua kwa kichwa, upana kiasi hiki, urefu kiasi kile, Bi Pazia alikuwa anajibu, "Hicho ni kipimo cha mdomo. Nitakuja na futi." Na alikuwa anakwenda. Aliingia nyumba za watu, vyumba vya kulala vya watu, akasimama kwenye viti vyao, akapima. Na alikuwa hashoni pindo la chini mpaka pazia limening'inia siku kadhaa, kwa sababu kitambaa hushuka kwa uzito wake. Wenye haraka walimnung'unikia. Aliwaambia, "Ukitaka pazia la haraka, tundika shuka."

Mumewe ni fundi wa majokofu. Tutamwita Fundi, kama mtaa unavyomwita. Walijuana siku Fundi alipokuja kutengeneza friji la duka la jirani, akaingia kuomba kitambaa cha kufutia mikono. Cherehani ilikuwa imekwama. Fundi akasema, mashine ni mashine, nipishe. Akaifungua yote, akaifunga yote, na skrubu moja ikabaki mezani. Cherehani ikashona. Fundi akaitazama ile skrubu, akasema, "Dada, hii sijui ni ya wapi." Bi Pazia alimwambia dada yake jioni ile kwamba amempata mwanamume asiyeongopa, kwa sababu mwingine angeitia mfukoni.

Wakaoana. Na miaka ikaanza kupita.

Wasikilizaji wapendwa, sisi wenye lugha hii mwanamke akizaa tunambadilisha jina. Anakuwa mama fulani. Asipozaa, tunabaki naye hatujui tumwiteje. Wateja wapya walimwuliza, "Wewe ni mama nani?" Akajibu, "Mama wa mapazia yako." Wanacheka, anacheka, futi inafunguliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake.

Lakini maneno yalikuwa mengi kuliko majibu aliyokuwa nayo. Bado tu? Mmeamua kula raha kwanza? Tumbo halishiki? Mtu mmoja alimwambia mbele ya dada yake, "Usijali, si wote tumeumbwa kuzaa," kisha akamwagiza mapazia ya chumba cha watoto. Daktari alitumia neno ugumba. Mtaa ulitumia neno tasa. Neno tasa ni fupi, linatamkwa upesi hata mtu akiwa anapita zake njiani.

Na Fundi hakuachwa. Vijana wa kijiweni walimwita, "Fundi, friji za watu unazigandisha, ya kwako imeishiwa gesi?" Fundi aliniambia hivi: "Nilicheka nao. Ungefanya nini? Nilicheka, halafu nikifika nyumbani nashindwa kumtazama mke wangu."

Sasa niwaeleze kuhusu mama mkwe, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshamhukumu kabla sijamtaja vizuri. Huyu ni mama aliyepika katika shule kwa miaka mingi, mpaka alipostaafu. Fundi ni mwanawe wa pekee. Alihamia kwao alipoanza kuumwa magoti. Yeye na mkwewe walichambua mchele pamoja, walisengenya pamoja, waligombana juu ya chumvi. Jioni mama alikuwa anakaa kwenye chumba cha kazi, anachomeka kulabu kwenye mapazia yaliyokwisha kushonwa. "Nilimpenda," ameniambia. "Usije ukasema hewani kwamba sikumpenda." Sitasema hivyo, mama. Alimpenda.

Mimba ya kwanza ilishika, na ikatoka mapema sana. Aliyejua ni dada mtu peke yake. Dada huyu anapiga pasi katika kiwanda cha nguo. Anakumbuka simu ile ilikuwa fupi. "Ile imetoka," Bi Pazia alisema. Na siku ileile akapeleka mapazia kwa mteja, akapanda ngazi, akatundika. Dada alimgombeza. "Nilimwambia, pumzika, mdogo wangu. Akaniambia, nipumzike kwa jina gani? Mimi si mgonjwa, wala si mzazi. Nikilala mchana nitasema nina nini?"

Wasikilizaji, hilo swali lilinikaa. Mwanamke aliyezaa tunamwita mzazi, tunampelekea uji, tunamfulia. Bi Pazia hakuwa na neno la kumlaza kitandani. Basi akafanya kazi.

Mimba ya pili ilikaa. Hii ilikaa mpaka tumbo likaonekana. Mama mkwe akaacha kulalamikia magoti. Akahamisha vitu vyake kutoka rafu ya chini ya kabati, ibaki wazi, tayari. Fundi akaanza kupita kijiweni polepole kusudi wamwone. Na Bi Pazia akawa anashona huku amekaa upande, kwa sababu tumbo lilikuwa linagusa meza, na alikuwa anamwonyesha kila mteja aingiaye jinsi linavyogusa.

Kisha siku moja maumivu yakaja na damu ikaja. Walimkimbiza hospitali. Mama mkwe alikwenda naye, kwa kuwa Fundi alikuwa kazini mbali. Mimba ilitoka, lakini haikutoka yote. Kukibaki kitu ndani, mama anaendelea kuvuja damu, au anaoza kwa ndani, anakufa. Kwa hiyo madaktari walifanya wanachotakiwa kufanya. Waliondoa kilichobaki. Kazi ya hospitali, ya kila siku, ya kuokoa maisha.

Nesi akatoka mlangoni, amechoka, ana wengine wanamsubiri. Akamwambia mama mkwe maneno haya. Nayarudia kama yalivyo. "Mama, tumemsafisha, mnaweza kumchukua."

Tumemsafisha.

Mnalijua neno hili, wasikilizaji. Mnalijua, na ninyi kina mama mnalijua zaidi. Wodini lina maana moja: mimba iliharibika, tumeondoa mabaki. Mtaani lina maana nyingine. Mtaani, msichana akienda kusafishwa, amekwenda kwa siri kwa mtu fulani, kaingia mlango wa nyuma, katoa mimba asiyoitaka. Nesi alisema la wodini. Mama mkwe akasikia la mtaani. Hakuna aliyesema uongo hapo mlangoni, na hakuna aliyekosea kusikia.

Mama huyu alikaa kwenye teksi na mkwewe amemwegemea begani, na kichwani mwake hesabu ikaanza. Ameniambia yote, hakujificha. "Nilijiuliza, miaka yote hii kwa mwanangu hakushika. Kashika leo. Na leoleo kasafishwa. Kwa nini? Nikajibu mwenyewe. Nikasema, basi si ya mwanangu. Kaona itafanana na mwenyewe, kaitoa." Alipofika nyumbani alimkanda mkwewe kwa maji ya moto, alimpikia uji, alimnywesha. Wala hakumwambia kitu. Siku ya pili akavirudisha vitu vyake kwenye rafu ya chini.

Kisha akamwambia mwanawe, "Mwulize mkeo kwa nini alisafishwa."

Fundi anasema alimkemea mama yake. Anasema alimwambia, "Mama, sitaki kusikia hivyo tena." Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Siku moja wakiwa wawili mezani, akamwuliza mkewe, "Kwani walikusafisha kwa nini?" Bi Pazia aliweka kijiko chini. Akasema, "Hata wewe?" Akainuka, akaenda kwenye cherehani, na Fundi akasikia pedali inavyokwenda kasi ilhali hakuna kitambaa kilichowekwa. "Nilimwuliza mara moja tu," Fundi aliniambia. "Ninalijutia swali hilo kuliko yote niliyowahi kusema kwa mdomo huu."

Na mama mkwe akamwambia rafiki yake wa karibu, jirani. "Nilimwambia mtu mmoja tu," anasema. Mtu mmoja tu, wasikilizaji. Mtaa mzima umewahi kupashwa habari na mtu mmoja tu.

Jina la Bi Pazia likaanza kugeuka. Watu walianza kumwita Bi Safi. Mwanzoni nyuma yake, baadaye anapopita. "Bi Safi huyo." "Bi Safi, na sisi utusafishie." Kicheko. Kwa mgeni ni jina zuri kabisa, hata ungedhani wanamsifu. Hiyo ndiyo hila ya neno hili. Huwezi kumshitaki mtu kwa kukuita safi.

Wateja hawakukimbia wote, kwa sababu mapazia yake yalikuwa mapazia. Lakini kulikuwa na nyumba moja iliyomwita apime dirisha la chumba, na alipofika, mwenye nyumba akamsimamisha kizingitini. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, amelala ndani. Mama huyo akamwambia kwa heshima zote, kwa tabasamu, "Usinielewe vibaya, fundi wangu. Hebu pima kwa nje." Akamletea kreti la soda la kupandia. Bi Pazia akapanda lile kreti, juani, majirani wanatazama, akapima dirisha kutoka nje. Ukipima kwa nje unapata kipimo kingine, ukuta una unene wake, fremu ina kingo zake, lazima ukadirie. Akakadiria. Akashona. Pazia likakaa sawasawa, halikupungua wala halikuzidi, na mama yule akampigia simu kumsifu. Bi Pazia alimsimulia dada yake huku anacheka. Dada anasema alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikageuka kilio, na hakunyamaza mpaka jioni.

Nimefika mahali ambapo nina hasira, mnivumilie.

Bi Pazia alijaribu kulipigania jina lake. Alirudi hospitali kumtafuta yule nesi. Nimezungumza na nesi huyo, anamkumbuka, na alilia aliponisimulia. Bi Pazia alimwambia, "Dada, nisaidie. Njoo nyumbani umwambie mama mkwe wangu maana ya lile neno." Nesi akasema hawezi, wagonjwa ni wengi, na siri za mgonjwa haziendi majumbani. Basi Bi Pazia akauliza, "Hakuna neno lingine? Niandikie neno lingine nikawaambie." Nesi akafikiri. "Lipo la kidaktari," akamwambia, "lakini mama mkwe wako hatalielewa. Sisi tunasema kusafisha. Ndivyo tulivyokuta wakisema." Bi Pazia akamwuliza, "Kwani nilikuwa mchafu?" Nesi aliitwa wodini, akaenda.

Akamweleza mama mkwe mwenyewe, kwa mdomo wake. Alikaa naye kwenye chumba cha kazi, akamwambia ilitoka yenyewe, hospitali wakaondoa yaliyobaki. Mama mkwe akasema, "Sawa, mwanangu." Na akaendelea kuchomeka kulabu. Ile sawa, wasikilizaji, kila mtu anaijua. Ni sawa ya kufunga mazungumzo.

Mimba ya tatu ikaja wakati hakuna aliyekuwa anaitegemea tena. Narudia ili tusipotezane: ya kwanza ilitoka mapema, aliyejua ni dada peke yake. Ya pili ikatoka hospitalini, na neno likazaliwa. Ya tatu hakumtangazia mtu. Fundi alijua. Mama mkwe akaona tumbo, akanyamaza. Mtaa ukaona, haukunyamaza. "Safari hii atasafishwa mwezi gani?" walisema hivyo, dukani, mbele ya watoto.

Siku ile dada alipigiwa simu asubuhi kiwandani. Sauti ilikuwa ndogo. "Njoo." Dada aliacha pasi, akaacha aproni njiani. Alimkuta mdogo wake kwenye chumba cha kazi, amekaa sakafuni, mgongo ameegemeza kwenye majora, amejitandikia pazia kuukuu. Alipomwona dada yake akasema, "Nimechagua chakavu. Hili halina mwenyewe." Anatania, na damu iko chini.

Dada akamwambia, "Inuka twende hospitali."

"Bado."

"Bado nini?"

"Mwite mama."

Dada alidhani anataka msaada wa mtu mzima. Akamwita. Mama mkwe alikuwa jikoni, akaja anafuta mikono, akaona, akapiga kelele gari itafutwe. Bi Pazia akamshika kifundo cha mkono. Mama mkwe anasema hakujua mkwewe ana nguvu vile.

"Mama, kaa."

"Nikae vipi, mwanangu? Unavuja! Twende!"

"Mara ile ulikuwa nje ya mlango. Leo uko ndani. Kaa utazame."

"Ninatazama. Nimeshaona. Twende."

"Hujaona. Haijatoka. Tukienda sasa watanisafisha, na wewe utakuwa nje ya mlango tena."

Dada akaingilia. "Wakikusafisha si utapona?"

Na mdogo wake akamjibu, "Nitapona, halafu nirudi wapi?"

Mama mkwe alipiga magoti yale mabovu sakafuni. Alimwambia mkwewe, nakuamini. Anaapa alimwambia, na dada anashuhudia kwamba alimwambia, tena na tena, nakuamini mwanangu, nakuamini, nisamehe, twende. Bi Pazia akamtazama. Akasema, "Unasema hivyo kwa sababu ya damu. Ikikauka utauliza tena."

Dada alikimbilia barabarani kutafuta teksi. Alipoipata na kurudi, mkono wa mama mkwe ulikuwa bado umeshikwa. Na mimba ilikuwa imetoka, mbele ya macho ya mama mkwe, hakuna aliyeigusa, hakuna dawa, hakuna mlango wa nyuma. Mtoto alikuwa wa kiume. Mama mkwe ndiye aliyempokea kwa mikono yake.

Bi Pazia akauliza, "Umeona?"

"Nimeona."

"Haya. Sasa twende."

Lakini hakuweza tena kusimama. Walimbeba, dereva wa teksi akasaidia. Fundi aliwakuta hospitali, bado ana bisibisi mfukoni. Alitoa damu yake, haikufanana. Wakatafuta ya kufanana. Wakati wanaitafuta, mkewe akafariki.

Daktari alitoka kuzungumza na Fundi. Akamwambia kwa upole, "Mngemleta asubuhi." Fundi akauliza, "Mngemfanya nini?" Daktari akasema, "Hakuna kikubwa. Tungemsafisha tu, angerudi nyumbani."

Fundi alikaa chini, pale pale kwenye korido.

Wasikilizaji wapendwa, ningependa kuwaambia kwamba Bi Pazia alikipata alichokitaka. Alitaka shahidi, akampata. Alilipa maisha yake kumpata. Nilitaka sana iishie hapo, angalau hapo.

Siku ya msiba nyumba ilijaa watu. Mama mkwe alikuwa anapita na vikombe, kwa sababu mikono yake haikuweza kutulia, akawasikia wanawake wawili mlangoni. "Safari hii kajisafishia nyumbani. Dawa zikamzidi." Akaweka sinia chini. Akasema kwa sauti, watu wote wakageuka, "Mimi nilikuwepo! Ilitoka yenyewe! Niliona kwa macho yangu!" Wakamwinukia, wakamshika mabega. Ndiyo mama. Pole mama. Kaa upumzike mama. Alipokaa, akasikia mmoja anamnong'oneza mwenziwe, "Maskini, anaficha aibu ya nyumba."

Baada ya maziko akaanza kwenda mlango hadi mlango. Na yale magoti yake. Nyumba kwa nyumba, anasimulia alichokiona, yote, mpaka watu wanamwomba anyamaze. Alifika kwa yule rafiki yake, yule mtu mmoja tu. Rafiki alimsikiliza mpaka mwisho, akamjazia chai, kisha akamwambia, "Lakini wewe mwenyewe si ndiye uliyetuambia?"

Hakuinywa ile chai. Alitoka pale akaja moja kwa moja hapa kituoni.

Kwa Fundi, ambaye hadi leo hajaweza kukifungua chumba cha kazi, pole sana ndugu yetu. Kwa dada, aliyerudi kwenye pasi yake kiwandani kwa sababu likizo ya msiba ni fupi, pole. Kwa mama mkwe, pole mama. Na kwa wanawake mnaonisikiliza ambao mimba zenu zimetoka, na mkarudi kazini siku ileile kwa kukosa neno la kuwalaza, ninyi pia poleni. Nafahamu kwamba mpo wengi, na nafahamu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Na sisi wengine tujitazame. Mwanamke akitoka hospitali mikono mitupu, mwambie pole, halafu funga mdomo wako. Usitafute sababu. Usimpe jina. Ninyi wa wodini, mkitoka kusema na jamaa mlangoni, ongezeni sentensi moja tu: mimba iliharibika yenyewe, mama hakufanya kosa. Mnasema mmechoka, ninawaamini. Semeni hivyohivyo mkiwa mmechoka.

Kabla ya kipindi hiki nilimketisha mama mkwe hapa studio tumrekodi, kwenye kiti hiki kinachonitazama. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba maji. Nilimwambia hahitaji kueleza yote, nitaeleza mimi, yeye aseme tu kile anachotaka watu wasikie. Nilimsogezea kipaza sauti. Alikiinamia kama mtu anayesema na mtoto, akasema, "Mkwe wangu hakutoa mimba. Mimba ilitoka. Mimi niliona." Kisha akayasema tena, yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka fundi mitambo wetu akainua mkono kwamba sauti imezidi.

Nilipozima kipaza sauti, akaniuliza, "Imekwenda? Watasikia?"

Nikamwambia, ndiyo mama, watasikia.

"Na wataamini?"

Nikamwongezea maji kwenye bilauri.